Kuchagua Taa ya Matumbawe

Watu wengi wakiona picha ya tangi la kioo lenye matumbawe ya kijani, ya zambarau na ya rangi ya machungwa, hudhani ya kwamba rangi zile zimetiwa na taa. Wengine hudhani kinyume chake, ya kuwa rangi zote ni za tumbawe lenyewe na taa ni pambo tu lililotundikwa juu ya tangi. Wote wana sehemu ya ukweli, lakini hakuna kati yao awezaye kuchagua taa vizuri.

Katika makala haya nataka kueleza, kwa kadiri ya Fizikia na Baiolojia tunayojifunza darasani, jinsi rangi ya tumbawe inavyotokea, na jinsi mtu apaswavyo kuchagua taa za LED ili rangi hizo zionekane na tumbawe nalo liendelee kuishi. Neno langu kubwa ni moja: taa ya matumbawe ni chakula kwanza, na pambo baadaye. Mwenye tangi akigeuza utaratibu huo, aweza kumwua mnyama wake huku akimsifu kwa uzuri.

1. Tumbawe ni mnyama

Sisi watu wa Afrika Mashariki twalijua tumbawe zaidi kama jiwe. Majumba ya kale ya Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja yalijengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa ya kuta zake ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayo hayo. Lakini jiwe lile ni nyumba tu. Mwenye nyumba ni mnyama mdogo, laini, aitwaye polipu, jamaa wa yavuyavu. Ana mdomo mmoja, na kuuzunguka mdomo huo ana minyiri ya kukamatia vijidudu vya majini.

Ndani ya mwili wa polipu huishi mwani wa chembe moja, mdogo hata hauonekani ila kwa hadubini. Mwani huu hutumia nuru kutengeneza chakula, kama majani ya mhindi yafanyavyo, na sehemu kubwa ya chakula hicho humpa mwenyeji wake. Katika matumbawe mengine sehemu hiyo hufikia 90 kwa mia. Polipu naye huupa mwani makao na mbolea. Kwa hiyo mnyama huyu ni kama mkulima aliyelima shamba ndani ya ngozi yake. Ukimnyima nuru shamba hukauka, naye hufa njaa, hata kama maji ni safi.

2. Rangi zatoka wapi?

Rangi za tumbawe hutoka katika mahali patatu.

Kwanza ni mwani wenyewe, ambao rangi yake ni ya kahawia. Tumbawe lenye mwani mwingi huonekana la kahawia.

Pili ni protini zilizomo katika mwili wa polipu ambazo hufyonza baadhi ya rangi za nuru na kuakisi nyingine. Hizi hutupa zambarau, waridi na buluu ya matumbawe mengi yenye matawi. Zinafanya kazi kama rangi ya nguo, yaani haziwezi kuonyesha rangi ambayo haimo katika nuru iliyozifikia.

Tatu ni protini za namna nyingine kabisa. Hizi hupokea nuru ya rangi moja na kutoa nuru ya rangi nyingine, kwa mfano hupokea buluu na kutoa kijani, machungwa au nyekundu. Tabia hii huitwa fluoresensi. Protini ya kwanza ya jamii hii ilipatikana katika yavuyavu, na habari zake zilichapishwa mwaka 1962 na Osamu Shimomura na wenzake. Mwaka 1999 wataalamu wa Urusi walitangaza protini kama hizo kutoka jamii ya matumbawe, na mojawapo ilikuwa nyekundu, kutoka kwa Discosoma. Mwaka 2008 Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa ajili ya kazi yao juu ya protini ya kijani, maana siku hizi hutumika kuonyesha mambo yaliyofichika ndani ya chembe hai.

3. Majaribio mawili

Tofauti ya rangi ya pili na ya tatu yaweza kuonekana pasipo tumbawe wala tangi.

Jaribio la kwanza. Chukua kanga yenye wekundu mwingi. Usiku, katika chumba chenye giza, iangalie kwa taa ya LED ya buluu tupu. Mahali penye wekundu pataonekana peusi. Kanga haikuharibika. Wekundu wake huakisi nuru nyekundu tu, na taa ile haina nuru nyekundu ya kuakisiwa.

Jaribio la pili. Tia katika bilauri soda ya toniki, ile chungu yenye kwinini. Mchana ni nyeupe kama maji. Sasa ipeleke gizani na uimulike kwa kile kitaa cha kukagulia noti ambacho wenye maduka hukiweka mezani. Soda itang'aa kwa rangi ya buluu. Kitaa kile hutoa nuru ya urujuanimno, ambayo macho yetu hayaioni. Kwinini huipokea na kuitoa tena ikiwa buluu, ambayo twaiona. Alama za siri za noti nazo hung'aa kwa njia hiyo hiyo. Lakini angalia, usikikodolee macho kitaa chenyewe, maana nuru yake hudhuru.

Basi tumbawe lina kanga na kwinini pamoja. Chini ya taa ya buluu tupu kwinini yake itang'aa sana, na kanga yake itakuwa nyeusi. Chini ya taa nyeupe kanga itaonekana vizuri, lakini mng'ao wa kwinini utamezwa na weupe. Haya ndiyo mashindano makubwa katika kuchagua taa.

4. Maji huchuja nuru

Nuru ya jua ina rangi zote za upinde wa mvua. Ikiingia baharini haishuki yote sawasawa. Nyekundu hufyonzwa mapema. Katika kina cha mita 10 huwa imebaki kidogo sana. Machungwa na njano hufuata. Buluu ndiyo isafirio mbali zaidi katika maji maangavu. Mpiga mbizi akijikata kidole chini sana huona damu yake kama nyeusi au kijani, kwa sababu ile ile ya kanga yetu.

Matumbawe yameishi katika hali hiyo kwa mamilioni ya miaka, na mwani wao umeizoea. Rangi zake za kufyonzea nuru hufanya kazi sana kati ya nanometa 400 na 550, yaani kutoka urujuani, kupita buluu, hadi kijani. Kwa hiyo buluu katika taa ya matumbawe haikuwekwa kwa ajili ya mapambo. Ndiyo nuru iliyo karibu zaidi na chakula chao cha asili.

5. Taa ya LED ni nini?

LED ni diodi, kipande kidogo kitoacho nuru umeme unapopita. Zile za nyekundu na za kijani zilikuwapo zamani, lakini buluu yenye mwanga mkali ilichelewa hadi miaka ya mwanzo ya 1990. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ambao ndio walioivumbua, walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Kabla ya hapo wenye matangi walitumia taa za mirija au taa za metali halidi, ambazo zilikula umeme mwingi, zikapasha maji joto, na balbu zake zikabadilishwa kila mara.

LED nyeupe tunayoitumia nyumbani ni buluu iliyopakwa unga wa njano. Unga huo hugeuza sehemu ya buluu kuwa njano, na mchanganyiko wake machoni mwetu ni weupe. Kumbe hata balbu ya bwenini hufanya kazi kwa tabia ile ile ya kwinini! Lakini balbu ya nyumbani yenye mwanga wa manjano, ya Kelvini 3,000 au chini yake, ina buluu chache. Chini yake matumbawe huonekana ya kahawia yaliyofifia, na mwani wa kero huweza kuenea juu ya kioo. Taa ya matumbawe huwa na diodi za rangi mbalimbali, na kila rangi ina swichi au njia yake ya kuongeza na kupunguza.

6. Mambo ya kutazama kabla ya kununua

(a) Rangi za diodi. Soma karatasi ya taa, utafute nanometa. Zilizo nyingi ziwe za 450 na 470, yaani buluu iliyoiva na buluu ya kawaida. Hizi hulisha mwani na kuamsha fluoresensi. Ziwepo za urujuani, kati ya 400 na 420, ambazo huamsha baadhi ya protini ambazo buluu haizifikii vizuri. Ziwepo nyeupe za Kelvini 6,500 hivi, kwa ajili ya rangi za kuakisi. Nyekundu na kijani ziwe chache. Utafiti uliofanywa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha ya kuwa nuru nyekundu nyingi ilidhuru tumbawe aina ya Stylophora pistillata na kupunguza mwani wake.

(b) Kiasi cha nuru. Wauzaji wengi husifu taa kwa lumeni. Kipimo hiki kimefanywa kwa kufuata jicho la mtu, ambalo huona vizuri zaidi kijani na njano. Taa ya buluu yaweza kuwa na lumeni chache na bado ikashibisha tumbawe. Kipimo kinachofaa ni cha kuhesabu chembe za nuru, yaani fotoni, zilizo kati ya nanometa 400 na 700, zinazoangukia mita mraba moja kwa sekunde moja. Huhesabiwa kwa mikromoli. Jua la adhuhuri katika nchi za joto hutoa karibu 2,000 juu ya uso wa maji. Katika tangi, matumbawe ya uyoga na mengi yaliyo laini hutosheka na 50 mpaka 100 hivi. Matumbawe ya matawi, kama Acropora, aghalabu hutaka 200 mpaka 350. Kwa hiyo yenye kutaka nuru nyingi huwekwa juu ya mawe, na mengine chini au ubavuni.

(c) Mtawanyiko. Taa moja yenye nguvu, ikitundikwa katikati, huunguza sehemu moja na kuacha pembe gizani. Tena tumbawe la matawi hujitia kivuli lenyewe, na upande wa chini hufa. Kwa tangi la urefu wa sentimita 60 au zaidi, taa mbili za wastani ni bora kuliko moja kali. Itundikwe kwa namna ambayo yaweza kupandishwa na kushushwa.

(d) Saa za kuwaka. Kwetu karibu na ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka mzima, lakini jua huanza dogo, hupanda, na hushuka. Taa nayo ifanye vivyo hivyo. Mfano mzuri ni huu: saa 3 asubuhi buluu ianze kidogo kidogo, saa 5 nyeupe ijiunge, saa 10 alasiri nyeupe ianze kupunguzwa, saa 1 usiku giza. Usiku uwe usiku kweli.

(e) Kuzoeza. Tumbawe lililotoka mahali penye nuru haba halitiwi ghafula chini ya nuru kali. Taa mpya ianze kwa nguvu kidogo, kama 30 kwa mia ya nguvu yake, kisha iongezwe polepole kwa muda wa majuma kadhaa. Mwani ukizidiwa na nuru hutengeneza sumu, na polipu huutoa nje.

(f) Umeme na chumvi. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri na hula chuma. Diodi ziwe na kifuniko cha kuzuia matone, na waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia ndani yake, ili tone likiteremka na waya lianguke sakafuni na lisiingie katika umeme.

7. Mtego wa uzuri

Sasa twafika mahali penye hatari. Katika maduka mengi ya Ulaya na Marekani matumbawe huuzwa chini ya taa ya buluu tupu, maana chini yake hata kipande kidogo hung'aa kama kaa la moto. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Hapa ni taa iuzayo. Mnunuzi hufika kwake, akawasha nyeupe, akaona kitu cha kahawia. Huenda akadhani amedanganywa, au tumbawe limeugua, kumbe ni lile lile na ni zima.

Lililo baya zaidi ni kinyume cha hilo. Tumbawe likipoteza mwani wake hupauka, maana ngozi yake ni angavu na mifupa meupe huonekana. Mwaka 1998 joto la bahari lilipopanda, matumbawe mengi ya pwani ya Kenya na Tanzania yalipauka namna hiyo, na mengi yakafa. Lakini si yote hugeuka meupe. Mwaka 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walieleza ya kwamba baadhi ya matumbawe yanayopoteza mwani hutengeneza protini za rangi kwa wingi ili kujikinga na nuru iliyozidi, yakawa ya waridi, zambarau au njano ya kupendeza mno. Mtazamaji asiyejua husema, "Tazama yalivyostawi!" Nayo yapo katika taabu. Huo ndio uzuri wa mkakasi.

Kwa sababu hiyo, mimi naona haifai kuweka tangi chini ya buluu tupu mchana kutwa. Kila siku kuwe na saa chache za nuru nyeupe, na katika saa hizo mwenye tangi amkague mnyama wake kama mwuguzi akaguavyo wagonjwa. Je, polipu zimefunguka? Je, pamebaki kahawia kidogo chini ya rangi? Je, ncha zinakua? Akitaka kufurahia mng'ao, zipo saa za jioni. Tena aweza kutazama kupitia kioo cha rangi ya njano, ambacho huzuia buluu ya taa na kupitisha kijani na nyekundu ya tumbawe. Kwa njia hiyo ataona fluoresensi bila kuongeza nguvu ya taa hata kidogo.

8. Taa yaweza kuwa kalenda

Kwamba nuru ni zaidi ya pambo imeonekana wazi katika Makumbusho ya Horniman, London. Matumbawe mengi hutoa mayai na mbegu zake kwa pamoja, katika siku chache tu za mwaka, yakifuata majira, joto la maji, kuchwa kwa jua na umri wa mwezi. Jamie Craggs na wenzake waliziiga hali hizo ndani ya tangi, wakiongoza taa ziwe kama jua na kama mwezi wa mahali matumbawe yalikotoka. Mwaka 2013 matumbawe yao yalizaa kwa wakati uliopangwa, katikati ya mji wa baridi ulio mbali na bahari ya joto. Matumbawe yale yalikuwa yakisoma siku zake katika nuru.

9. Maneno ya mwisho

Mwaweza kuuliza, mambo haya yatufaa nini sisi ambao hatuna tangi? Jibu langu ni hili. Miamba ya matumbawe huzuia mawimbi yasile pwani yetu, na ndiyo makao ya samaki wengi tunaowala. Ajuaye kwa nini tumbawe lina rangi, na rangi ikipotea ina maana gani, ataweza kuutazama mwamba wa kweli na kuelewa anachokiona. Wala elimu hii isiwe sababu ya kwenda kuvunja matumbawe ufukoni. Matumbawe ya mawe yamo katika mkataba wa mataifa uitwao CITES, hayauzwi nje ya nchi bila kibali, na wenye matangi waaminifu hupanda vipande vilivyokatwa kutoka matumbawe yaliyokuzwa katika matangi mengine.

Kwa ufupi, anayechagua taa na ajiulize maswali matatu kwa utaratibu huu. Je, itamlisha mnyama? Je, itanionyesha hali yake ya kweli? Je, itapendeza? La tatu likijibiwa kabla ya mawili ya kwanza, taa hiyo isinunuliwe.

Maswali ya kujipima

1. Tumbawe la zambarau limekuwa jeusi chini ya taa ya buluu, lakini la kijani lililo karibu nalo limezidi kung'aa. Eleza sababu.

2. Taa mbili zina lumeni sawa. Moja ni ya manjano, moja ni ya buluu. Ipi itawafaa zaidi matumbawe, na kwa nini lumeni peke yake haitoshi kukujulisha?

3. Rafiki yako ana tumbawe lililokuwa la kahawia. Baada ya kununua taa kali, katika siku chache limekuwa la waridi angavu, naye afurahi sana. Ungemshauri nini?

Mwanafunzi, Kidato cha Nne